Sare Moja, Kilio cha Upande Mmoja

Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 2013, Yanga na Simba zilitoka sare ya mabao 3-3 kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Kila timu ikaondoka na pointi moja. Kwa hesabu ya msimamo wa ligi hakuna aliyemzidi mwenzake hata kidogo, na mtu asiyejua soka angedhani mashabiki wote walilala na hali moja. Wapi! Simba walishangilia kama waliotwaa kombe. Yanga hawakutaka hata kuulizwa matokeo.

Sababu tunaijua. Hadi mapumziko Yanga walikuwa mbele 3-0: Mrisho Ngassa moja, Hamis Kiiza mawili. Kipindi cha pili Betram Mwombeki akafunga, Joseph Owino akaongeza dakika chache tu baadaye, na zikiwa zimebaki dakika tano hivi Gilbert Kaze akachomoa la tatu. Nenda leo Ziba, wilayani Igunga, kutwa nzima kwa basi kutoka uwanja ule, umtajie shabiki wa Yanga mwenye umri wa kutosha mwaka huo tu, bila kutaja mechi. Utaona uso unavyobadilika. Yanga imeshafungwa vibaya zaidi ya hapo: 6-0 mwaka 1977, 5-0 mwaka 2012. Hizo zinauma, lakini zinasimuliwa. Ile ya 3-3, ambayo hawakufungwa, ndiyo wengi hawaitaki mdomoni.

Kwa sisi tunaosoma saikolojia, hili si jambo la ushabiki peke yake. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika nadharia iliyokuja kumpa Kahneman Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kiini chake ni kwamba binadamu hapimi alichonacho kwa kuanzia sifuri. Hupima kwa kuanzia pale alipojiona amefika. Tena, kikipotea kitu, maumivu yake huzidi furaha ya kukipata kitu hicho hicho, na makadirio ya kawaida ni karibu mara mbili. Mkulima wa pamba wa Ziba aliyeona shamba limechanua vizuri huanza kugawa fedha kichwani kabla mzigo haujafika kwenye mizani: ada hii, bati hizi, deni lile. Bei ikitangazwa chini ya alivyotarajia, huhesabu kwamba bati zake zimeibwa, ingawa hazikuwahi kuwa zake. Wakati wa mapumziko Yanga walikuwa na pointi tatu kichwani. Filimbi ya mwisho ikawapa moja. Simba walikuwa na sifuri, na wao pia wakapewa moja.

Ukitaka kumtuliza shabiki huyo kwa hoja, hoja ipo. Msimu ule wa 2013/14 Azam walitwaa ubingwa bila kupoteza mechi, wakiwa na pointi 62, na Yanga wakamaliza wa pili wakiwa na 56. Zile mbili zilizodondoka dhidi ya Simba zisingetosha kitu. Mwambie hivyo uone kama atashukuru. Maumivu ya aina hii hayatokani na jedwali, kwa hiyo jedwali haliyatibu.

Wapo waliojaribu kuyapima. Nchini Uingereza, Peter Dolton na George MacKerron walitumia programu ya simu iliyowauliza maelfu ya watu, muda hadi muda, wanajisikiaje na wanafanya nini. Walipowatenga mashabiki wa soka waliona kwamba huzuni ya kufungwa ilikuwa takriban mara mbili ya furaha ya kushinda. Ukijumlisha msimu mzima, shabiki wa kawaida anatoka na hasara ya furaha. Sijui kama kuna mtu wa Msimbazi (Simba) au Jangwani (Yanga) atakayeacha timu kwa sababu ya takwimu hiyo, na mimi mwenyewe sijaacha.

Kuna pia suala la kukaribia. Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich walitumia picha za video za washindi wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992 na kugundua kwamba waliopata shaba walionekana na furaha kuliko waliopata fedha. Wa shaba alijilinganisha na aliyetoka mikono mitupu. Wa fedha alijilinganisha na dhahabu. Timu inapofungwa bao la mapema na kulala 1-0, shabiki hana mengi ya kuwaza. Ikiongoza 3-0 halafu ikashikwa, anapata bohari zima la “lau”: lau wangeongeza la nne, lau kocha angeingiza kiungo mkabaji, lau ule mpira ungetolewa nje. Kila “lau” ni mechi nyingine anayoicheza kitandani usiku, na katika hizo zote timu yake inashinda.

Mwili nao hauko nyuma. Wakati wa fainali ya Kombe la Dunia ya 1994, Brazil ilipoishinda Italia kwa penalti, watafiti nchini Marekani walichukua mate ya mashabiki kabla na baada ya mechi. Homoni ya testosteroni ilipanda kwa mashabiki wa Brazil na kushuka kwa wale wa Italia. Hao ni watu waliokaa kwenye viti wakitazama runinga. Ndiyo maana mtu akitoka kibanda umiza, kile kibanda cha kutazamia mpira, baada ya mechi ya namna ile anatembea taratibu, mabega yameshuka, utadhani alikuwa beki namba tano.

Tukio lililofunga mambo haya yote pamoja, kwa maoni yangu, si la Simba na Yanga, watani wa jadi. Ni la Simba na Jwaneng Galaxy ya Botswana, Oktoba 2021, Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba walikwenda Gaborone wakapata mabao mawili ndani ya dakika chache za mwanzo, Taddeo Lwanga na John Bocco, wakarudi na ushindi wa 2-0. Wiki iliyofuata, tarehe 24, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Rally Bwalya akafunga kabla ya mapumziko. Jumla ikawa 3-0, mechi ya nyumbani, imebaki dakika 45. Ni nani asingeanza kuzungumzia hatua ya makundi? Kipindi cha pili Galaxy wakafunga moja, wakafunga la pili, na dakika za mwishoni wakafunga la tatu. Jumla 3-3, Simba nje kwa sheria ya mabao ya ugenini. Siku mbili baadaye kocha Didier Gomes hakuwa tena na kazi hiyo.

Tazama muundo wa jambo lenyewe. Uongozi ule haukuwa wa dakika 45, ulikuwa wa wiki nzima. Kwa siku saba shabiki wa Simba aliamka na ushindi, akaenda nao gengeni, akamtania jirani wa Yanga nao, akalala nao. Kadiri unavyokaa na kitu ndivyo kinavyokuwa chako. Hapo ongeza mkeka wa kubashiri. Vijana wengi siku hizi huweka dau, na timu inayoongoza 3-0 ndiyo ile ambayo mtu huiona kama fedha iliyo mfukoni. Mkeka ukichanika kwa bao la dakika za mwisho, mambo mawili yameporwa kwa pigo moja.

Baada ya maumivu huja utafutaji wa mhusika. Sentensi ya kwanza inayosikika kibandani ni kwamba mechi imeuzwa. Ya pili inamtaja kipa. Ya tatu, kwa sauti ya chini kidogo, inahusu waganga. Siwacheki wanaosema hivyo, maana akili ya binadamu haiamini kwamba jambo kubwa linaweza kutokea kwa sababu ndogo ndogo nyingi. Maelezo ya kiufundi yapo, na hayana msisimko wowote. Timu inayoongoza kwa mengi hurudi nyuma bila kuambiwa, viungo wanaacha kukaba juu, mabeki wanaanza kubutua. Mpinzani hana tena cha kupoteza, anabadilisha wachezaji bila woga. Bao lake la kwanza halihesabiwi kuwa hatari, la pili linaleta hofu, na timu yenye hofu hupoteza mpira mahali ambapo haijawahi kuupoteza. Siku ile ya 3-3 mwaka 2013 kocha wa Simba alikuwa Abdallah Kibadeni, yule yule aliyefunga matatu siku ya 6-0 mwaka 1977. Watu wa Yanga wanaoamini mambo ya nyota wana haki ya kulalamika hapo.

Halafu yupo yule mzee wa “nilisema”. Kila kibanda kina wake. Wakati wa mapumziko alikuwa anachagua wimbo wa kuimba, filimbi ya mwisho ikilia anakumbuka kwamba alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Hadanganyi. Katika miaka ya 1970 Baruch Fischhoff na mwenzake Ruth Beyth waliwauliza watu wakadirie matokeo ya ziara ya Rais Nixon huko Beijing na Moscow, kisha baadaye wakawataka wakumbuke makadirio yao. Wengi walikumbuka kwamba walitabiri vizuri kuliko walivyokuwa wametabiri kweli. Matokeo yakishajulikana, kumbukumbu hujipanga upya kuyafuata.

Haya si ya kwetu peke yetu. Huko Australia wana soka lao la mpira wa yai, ambamo goli moja lina pointi sita. Katika fainali ya 1970 mjini Melbourne, mbele ya watu 121,696, Collingwood walikuwa mbele kwa pointi 44 wakati wa mapumziko, na Carlton wakapindua meza wakashinda kwa pointi 10. Collingwood wakasubiri ubingwa hadi 1990. Miaka 20 ni muda mrefu wa kutaniwa.

Na hapo kwenye utani ndipo Ziba ina cha kuwafundisha wenye maabara. Nchi hii ya Wanyamwezi na Wasukuma ndiyo nchi ya wapagazi. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Unyanyembe, huko Tabora, hadi Bagamoyo na kurudi, ikipita katika nchi za watu wengine miezi kwa miezi, na uhusiano wa utani baina ya makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, unahusishwa sana na safari hizo. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kwamba utani ni ukosefu wa heshima ulioruhusiwa: mmoja ana haki ya kudhihaki, mwingine hana haki ya kukasirika. Lakini kila aliyewahi kuhudhuria msiba huku anajua nusu ya pili. Mtani ni mtu wa kazi. Anafika mapema, anasaidia kuzika, na katikati ya vilio anamwiga marehemu hadi wafiwa wacheke bila kupenda. Haki ya kukucheka ameinunua kwa wajibu wa kukuzika.

Ushabiki wa Simba na Yanga umeuchukua utani huo wote, dhihaka na wajibu. Jumatatu asubuhi Kolo, yaani mtu wa Simba, atasubiriwa na Utopolo, mtu wa Yanga, penye mashine ya kusaga, au kinyume chake, na ataambiwa yote. Mgeni angedhani ni kutia chumvi kwenye kidonda. Mimi naona ndiyo tiba. Aliyepoteza uongozi wa mabao matatu ana bohari la “lau” linalomzungusha peke yake usiku kucha. Mtani anamtoa humo kwa nguvu, anamlazimisha kuyatamka matokeo kwa kinywa chake mbele ya watu, na yakishatamkwa na kuchekwa yanaanza kuwa hadithi. Tena yanakuwa hadithi yenye marejeo. Tarehe 4 Januari 2020 Simba waliongoza 2-0 kwa mabao ya Meddie Kagere na Deo Kanda. Mapinduzi Balama na Mohamed Issa “Banka” wakafunga mawili ndani ya dakika chache, mechi ikaisha 2-2. Safari hiyo Yanga ndio walioshangilia sare.

Tiba hiyo ina mpaka, na mpaka wake ni mlango wa nyumba. Mwaka 2011 wachumi David Card na Gordon Dahl walilinganisha taarifa za polisi katika miji ya Marekani na matokeo ya timu zao za mpira wa Kimarekani, wakipima matarajio ya mashabiki kwa makadirio ya kampuni za kamari. Timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda ikipoteza, ukatili wa wanaume dhidi ya wake na wenzi wao uliongezeka kwa takriban asilimia 10. Ikipoteza mechi iliyotarajiwa kuwa ngumu, ongezeko hilo halikuonekana. Kilichouma ni tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, na aliyelipa alikuwa mtu ambaye pengine hakujua hata nani anacheza. Wala takwimu hiyo haimwondolei mpigaji hatia, kwani walio wengi walifungwa vile vile na hawakumgusa mtu.

Ongezeko hilo lilijikusanya kwenye muda mfupi tu, karibu na mwisho wa mechi. Kwa hiyo nina ombi moja kwa wenye vibanda umiza wa Ziba: filimbi ya mwisho ikilia usizime jenereta na kuwatoa watu gizani kila mmoja na njia yake. Acha taa, acha wachambuzi waendelee kubishana kwenye runinga, uza soda. Na wewe uliyeshangilia, mtani wako asitoke peke yake. Mtanie njia nzima hadi kwake, mkae barazani mpaka ajibu.