Nina Pesa ya Kitu Kimoja, Nianze na Kipi?

Safari hii kalamu yangu imepanda bara. Niliuacha upepo wa kaskazi na harufu ya mwani, nikapita Bungoma, nikakatisha Chwele na Sirisia, hata nikatia guu Lwakhakha, mji ulioketi mpakani, kando ya mto unaoitwa kwa jina lilo hilo. Ng'ambo ya daraja ni Uganda. Wabukusu wa upande huu na Wamasaba wa upande ule husikilizana kwa lugha zao, na palipo na kukwama Kiswahili huingia kikaamua. Sokoni shilingi za nchi mbili hukaa katika kibindo kimoja, wala hazigombani.

Ulikuwa mwezi wa Machi. Mashamba yalikuwa yamekwisha tifuliwa, na kila mtu alitembea huku akitupa jicho juu ya Mlima Elgon kutazama mawingu. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu ambaye urafiki wetu una umri wa kuoa, aliniambia, "Umekuja wakati mzuri. Leo kuna mtafiti anakuja kuzungumza na wakulima. Twende ukasikilize, huenda ukapata la kuandika."

Tukaenda. Watu walijaa, na wengi wao walikuwa akina mama. Mtafiti alikuwa kijana mtanashati, mwenye adabu, na kwa kumtazama tu ulijua kwamba anaijua kazi yake. Akatundika karatasi kubwa yenye mistari ya rangi, mmoja unapanda, mmoja unashuka, akaanza. Alisema kwa Kiswahili mpaka sentensi ya tatu, kisha Kiingereza kikamzidi nguvu, kikamwagika kama maji ya mtungi uliopasuka. Mkalimani alimkimbilia nyuma akiokota alichoweza. Tukasikia asilimia thelathini, asilimia arobaini na tano, asilimia sitini. Mama mmoja jirani yangu akaninong'oneza, "Asilimia sitini ya magunia mangapi?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa mistari ile haikusema.

Sikumcheka yule kijana, na nitawaambieni kwa nini.

Miaka mingi iliyopita, baada ya mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997, kipindupindu kiliingia pwani. Nikiwa kijana nisiyekosa vina mdomoni, niliombwa nitunge shairi la kuwahimiza watu wachemshe maji. Nikatunga. Wallahi, nilitunga! Vina vilipangana kama shanga, na kila ubeti niliuficha ndani ya fumbo, kwa maana ndivyo nilivyofundishwa kwamba mshairi hasemi wazi kama mnadi wa samaki. Shairi likasomwa, watu wakanisifu barazani. Baada ya siku chache nilipita nyumbani kwa bibi mmoja wa mtaani kwetu. Akanisomea shairi langu lote kwa moyo, bila ya kupotea neno. Alipomaliza akachota maji mtungini, mabichi, akampa mjukuu wake. Nikamuuliza, "Bibi, mbona hukuchemsha?" Akashangaa. "Kuchemsha nini, mwanangu? Moto ule wa kwenye shairi si moto wa mapenzi?"

Mtoto yule hakupatwa na kitu, Mola alimstahi. Lakini tangu siku hiyo najua kwamba mtu aweza kulihifadhi neno lako lote na asipate hata chembe ya ulichotaka kumwambia. Sisi tuliosoma chuoni tungeweza kulijua hilo mapema. Tulikariri juzuu nzima tukiwa watoto, tukipepesuka mbele na nyuma, na maana hatuijui. Nyumbani kwetu ilikuwako tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka mwaka 1969, na nakumbuka jioni ya kwanza baba alipoifungua na kunionyesha kwamba yale niliyokuwa nikiyaimba yana maana ninayoweza kuishika. Ilikuwa kama kuwashiwa taa katika chumba ambacho nimelala miaka yote gizani.

Turudi Lwakhakha. Mtafiti alipokwisha kusema aliuliza kama kuna swali. Kimya. Kisha akasimama mama mmoja, kitambaa cha kijani kichwani, mikono ya mtu wa jembe. Akamsalimu kwa "mulembe", akasema kwa Kiswahili safi: "Mwanangu, nashukuru. Umetaja mbegu, umetaja mbolea ya kupandia na ya kukuzia, umetaja palizi mbili na dawa ya wadudu. Mimi nina ekari moja, na watoto wawili wanatakiwa karo. Nina pesa ya kitu kimoja, labda na nusu ya cha pili. Nianze na kipi?"

Kijana akajibu kwamba mambo yale yanakwenda pamoja, yote kwa jumla, hayatengani. Mama akasema, "Haya," akaketi. Lakini "haya" ile mimi naijua. Ni ile ambayo mke humwambia mume anayeahidi kununua kitanda mwakani.

Linaloniuma ni kwamba swali la mama huyu lilikwisha kujibiwa, na halikujibiwa Ulaya wala Marekani. Lilijibiwa Kitale, upande wa pili wa mlima ule ule. Kituo cha utafiti cha Kitale ndicho kilichozaa mahindi chotara ya kwanza ya Kenya, 611, yaliyotolewa mwaka 1964. Kampuni ya mbegu ya hapo hapo Kitale ikayazalisha, na wakulima wa magharibi wakayapokea kwa kasi iliyowashangaza hata wachumi. Lakini si mbegu ninayotaka kuizungumza. Mwaka 1966 mtaalamu wa kituo hicho, A. Y. Allan, aliendesha majaribio wilayani kupima mambo sita: kupanda mapema au kuchelewa, wingi wa mimea shambani, aina ya mbegu, palizi, na mbolea za namna mbili. Kisha akafanya jambo ambalo watafiti wengi hawalifanyi. Hakuyaacha matokeo ndani ya majedwali. Aliyachora kwa umbo la almasi yenye pembe nne, na mwaka 1968 yakachapishwa katika jarida la wakulima wenyewe.

Almasi hiyo naweza kukuelezea hapa bila ya picha. Pembe ya chini ni shamba la mazoea: limechelewa kupandwa, limepaliliwa shingo upande, mbegu ni ya kienyeji, mbolea hakuna. Pembe ya upande mmoja ni shamba lilo hilo la mazoea, ila limetiwa mbolea. Pembe ya upande wa pili halikutiwa mbolea hata kiganja, lakini limepandwa mapema kwa mbegu bora, kwa nafasi inayostahili, likapaliliwa kwa wakati. Pembe ya juu ni lenye vyote. Mkulima aliitazama akaona kwa jicho lake: mbolea peke yake katika shamba lililozembewa iliongeza kidogo, kazi njema peke yake iliongeza zaidi sana, na vyote viwili pamoja vilishinda. Maana yake ni nini kwa mwenye pesa ya kitu kimoja? Ni kwamba asiimwage kwenye mbolea halafu akose ya kumlipa kibarua wa palizi. Atie mbegu ardhini na mvua za kwanza, apalilie mapema, na mbolea aifikirie baadaye.

Sisemi kwamba jibu la 1966 litoshe leo. Ardhi imechoka, imegawanywa mara nyingi kati ya wana na wajukuu, na mahali pengi magharibi udongo umekuwa chachu. Huenda leo almasi ingechukua sura nyingine, nao watafiti ndio wa kutuambia. Ninachokisifu ni kule kukaa na kujiuliza: huyu anayenisikiliza ana nini mfukoni, na ataamua nini kesho asubuhi?

Mkutano haukwisha hapo. Mzee mmoja mwenye bakora alisimama akalalamika juu ya gugu lile lenye maua ya zambarau, ambalo vitabu vya Kiswahili huliita kiduha na jirani zetu Wajaluo huliita kayongo. Akasema, "Hili ni uchawi. Mahindi yananyauka kabla sijaliona gugu lenyewe." Kijana akatabasamu, akasema tuache ushirikina. Nikaona nyuso zinafunga kama maduka wakati wa adhana.

Laiti angalijua kujibu! Kwanza, hata Waingereza katika lugha yao wameliita gugu hilo kwa jina la mchawi, na sijasikia mtu akiwacheka. Pili, mzee alikuwa amesema kweli tupu. Mbegu za kiduha ni kama vumbi, mche mmoja huzaa maelfu kwa maelfu, nazo hulala ardhini miaka mingi zikingoja. Mzizi wa mahindi unapotoa utomvu wake, mbegu huamka, ikaung'ata mzizi na kuunyonya. Madhara hutendeka chini, gizani, na ua hutokeza juu ya ardhi wakati mwizi amekwisha kushiba. Mzee aliliona hilo bila ya darubini. Alichokosa ni mtu wa kumwambia, "Umeona sawasawa, mzee wangu, na sasa nikuonyeshe mchawi mwenyewe alipojificha."

Aliyemwambia hakuwa mtafiti. Alikuwa bibi kikongwe wa kijiji hicho, wanayemwita Kukhu, nasi sote tulichukuliwa mpaka shambani kwake, pua ya mtafiti ikiwa imeshuka kidogo. Kukhu analima kwa mtindo wa vuta-sukuma. Ulibuniwa katika miaka ya tisini na watafiti wa ICIPE, taasisi ya wadudu aliyoiasisi marehemu Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, Dkt. Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walikuwa wakitafuta njia ya kumzuia kiwavi anayetoboa bua. Wakapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na majani ya nepia kuzunguka shamba. Desmodiamu ikamsukuma nondo kwa harufu yake, nepia ikamvuta. Kisha wakaona jambo ambalo hawakulitafuta: penye desmodiamu, kiduha kilitoweka.

Kukhu aliinama, mvua haijanyesha bado, akashika mtambaa wa desmodiamu uliosalia tangu mwaka jana. "Kiduha kinanusa mzizi kama paka anavyonusa samaki," alisema. "Huyu naye anatoa harufu ya samaki, lakini samaki hana. Kiduha kinaamka, kinatafuta pa kung'ata, hakipati, kinakufa na njaa. Na mimi namkata huyu nampa ng'ombe." Watu wakacheka, na katika kicheko kile niliona kwamba wameelewa. Yule mzee wa bakora aliinama naye akaushika mtambaa. Mtafiti alitoa daftari akaandika, na nilipochungulia niliona ameandika "paka" na "samaki". Baadaye aliniambia kwamba kwa lugha ya kitabu maelezo yale hayana kosa, nayo kwake yangechukua kurasa mbili.

Wenyewe ICIPE walilitambua hili mapema. Waliwafanya wakulima kuwa walimu wa wakulima wenzao, wakaweka siku za kutembelea mashamba, na habari ya vuta-sukuma ikaingizwa hata katika mchezo wa redio wa Tembea na Majira. Huo nao ni ushairi, tena bora kuliko wangu wa kipindupindu.

Jioni kijana yule alikuja kukaa nasi kwa Mwalimu. Chai ya maziwa ilikuwapo, na mahindi ya kuchemsha ya mwaka uliopita. Aliniuliza, kwa unyonge kidogo, "Mzee, asilimia sitini ningeisemaje?" Nikamwambia, "Wewe ulipima magunia. Sema magunia. Ulikuwa na mangapi, ukapata mangapi, kwa ekari ngapi, na ilikugharimu nini." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba swali la yule mama limemkaa kooni tangu mchana, na kwamba shuleni kwao hakuna aliyepata kumuuliza utafiti wake unafaa kwa mtu mwenye shilingi ngapi. Nilimhadithia ile almasi ya Kitale. Hakuwa ameisikia.

Usiku ule mvua ilinyesha, ya kwanza. Alfajiri nilipotoka kutawadha nilisikia sauti za watu barabarani, majembe mabegani. Mwalimu akanipitisha njia ya chini, karibu na mto, na tukamkuta yule mama wa kitambaa cha kijani katika ekari yake moja. Alikuwa akipanda, mistari imenyooka kwa kamba iliyofungwa vijiti ncha zote mbili. Kijiti cha mwisho wa pili kilishikwa na mtafiti, suruali ameikunja mpaka magotini, viatu ameviacha nyasini, naye alikuwa akimuuliza mama ni hatua ngapi anazopenda kuacha, na kwa sababu gani.