Utando wa Chupa ya Uzazi Husaidia Kuponya Vidonda

Kila mwanamke aliyezaa anajua maana ya chupa kupasuka. Si chupa ya soda. Ni mfuko wa utando ambamo mtoto hukaa tumboni, akielea katika maji. Siku ya kuzaa chupa hupasuka, mtoto huzaliwa, na baadaye hutoka kondo la nyuma pamoja na utando ule. Mahali pengi vitu hivi huzikwa, na mambo huishia hapo.

Lakini katika hospitali za nchi kadhaa, utando huo hutumiwa kufunika vidonda vya watu walioungua au waliopasuliwa. Kazi hii si mpya. Mwaka 1910 daktari Davis wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, aliandika habari zake. Mwaka 1913 madaktari wengine waliutumia kwa watu walioungua.

Chupa ina matabaka mawili. Linalotakiwa zaidi ni la ndani, lililo upande wa mtoto. Ni jembamba kuliko karatasi, nalo halina mishipa ya damu. Likiwekwa juu ya kidonda, maji ya mwili hayapotei sana na maumivu hupungua. Ngozi mpya hutambaa kutoka kingo za kidonda kwenda katikati, kama majani ya viazi yanavyotambaa juu ya tuta. Utando huipa njia laini ya kutambalia. Pia una vitu vinavyopunguza uvimbe na kovu.

Usidhani kwamba utando huu ni ngozi mpya. Baada ya siku au wiki kadhaa hubanduka au huyeyuka. Mtu aliyeungua mpaka ngozi yote ikaisha bado atahitaji ngozi yake mwenyewe, ambayo daktari huitoa pajani na kuipandikiza. Na kidonda chenye usaha au nyama iliyokufa lazima kisafishwe kwanza. Ukifunika usaha, umeufungia ndani.

Sasa pengine mtu atasema: "Kumbe! Basi mke wangu akijifungua, nitachukua ile chupa niiweke kwenye kidonda cha baba." La, ndugu, usifanye hivyo hata kidogo! Utando uliotoka sasa hivi una damu, na damu inaweza kubeba virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini, au bakteria wa kaswende. Tena ukipita katika njia ya uzazi hushika vijidudu vingine. Ndiyo maana hospitali hupenda kuchukua utando wa akina mama wanaozaa kwa kupasuliwa.

Kuutengeneza ni kazi kubwa. Mjini Mumbai, India, hospitali ya saratani ya Tata Memorial ilianzisha benki ya tishu mwaka 1988. Benki ya namna hii haiweki fedha. Huweka vipande vya mwili vya kutibia watu. Mama huombwa ruhusa, naye anaweza kukataa. Damu yake hupimwa. Utando huoshwa mara nyingi, hukaushwa, hufungwa katika pakiti, kisha hupigwa mionzi ili kuua vijidudu vilivyobaki. Benki nyingine huugandisha kwa baridi kali, na kumpima mama tena baada ya miezi 6, kwa sababu ugonjwa ulioingia mwilini karibuni unaweza usionekane mara ya kwanza.

Wagonjwa wa kisukari wenye vidonda vya miguu visivyofunga nao husaidiwa. Hata macho. Wakulima na wavuvi wengi hupata kinyama cha jicho kwa ajili ya jua na vumbi. Daktari akikikata, anaweza kushona utando mahali pale, ingawa kipande kinachotoka katika jicho la mgonjwa mwenyewe huzuia kinyama kurudi vizuri zaidi.

Na wewe uliyepasuliwa, utazame mshono wako kila siku. Ukiona umeachia, unanuka, unatoa usaha, au wiki zinapita haufungi, usitie majani, wala majivu, wala kinyesi cha ng'ombe. Hivyo vinaweza kuleta pepopunda. Funika kidonda kwa kitambaa safi kilichochemshwa na kukaushwa, urudi upesi hospitali ulikopasuliwa. Chukua kadi yako, na umweleze mganga dawa zote ulizotumia, hata zile za kienyeji.