Kesi Iliyofungwa Mapema Mno

Filamu ya katuni ya Zootopia, iliyotolewa na Disney mwaka 2016, ina dakika 108. Kabla theluthi ya mwisho haijaanza, kesi imekwisha. Wanyama 14 waliopotea wamepatikana, meya wa jiji ametiwa pingu, na Judy Hopps, sungura wa kwanza kuajiriwa polisi, anapanda jukwaani kuzungumza na waandishi wa habari. Mtoto aliyekaa mbele ya runinga anapiga makofi. Kisha Judy anajibu swali moja tu, na yote aliyoyajenga yanaanza kubomoka, kwa sababu jibu lake si sahihi.

Filamu za mafumbo za watoto hazina mazoea ya kuthubutu hivyo. Tangu Scooby-Doo alipoanza kuonekana kwenye runinga za Marekani mwaka 1969, watoto wamezoea zimwi kukamatwa, barakoa kuvuliwa na mambo kwisha hapo. Mpelelezi huwa upande wa haki mwanzo hadi mwisho. Katika Zootopia mpelelezi mwenyewe ndiye anayekosea, tena si kwa uzembe. Ana bidii, ana akili, ana ushahidi wa kweli mkononi. Kinachompotosha ni hofu aliyolelewa nayo nyumbani kwao shambani, na kwa sababu hiyo filamu hii inastahili kutazamwa kwa makini na wakubwa na wadogo.

Kisa chenyewe kinaanza kwa udogo kabisa. Judy anafika jijini na ndoto kubwa, lakini mkuu wake anampa kazi ya kuandikia faini magari yaliyoegeshwa. (Mkuu huyo ni nyati aitwaye Bogo, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa jina hilo limechimbuka wapi.) Akiwa kazini anamfukuza kicheche aliyeiba mfuko wa mizizi ya maua. Bogo anamkaripia: ameliweka jiji roho juu kwa ajili ya vitunguu vilivyooza! Judy anamsahihisha kwamba hivyo si vitunguu, ni maua, na analitaja jina lake la kitaalamu kwa sababu amekulia kwa wakulima. Mtazamaji anacheka na kusahau. Hapohapo anaingia mke wa fisi-maji aliyepotea siku kumi, na Judy anapewa saa 48 kumtafuta. Asipompata, kazi basi.

Jalada la kesi lina picha moja pekee. Judy anaiangalia kupitia chupa tupu, akiitumia kama kioo cha kukuzia, na anaona fisi-maji ameshika barafu ya kijiti. Barafu ya namna hiyo huuzwa na Nick Wilde, mbweha mtapeli wa mitaani. Kutoka hapo njia inafunguka hatua kwa hatua: namba ya gari, ofisi ya usajili ambako mtumishi anafanya kazi pole pole hadi kijua kinazama, gari lililochanwa kwa makucha, dereva aliyejeruhiwa, kamera za barabarani. Hakuna kinachodondoka kutoka mbinguni. Mtoto wa miaka minane anaweza kurudi nyuma na kueleza kila hatua ilitokana na ipi.

Wasomaji waliokua na riwaya za Muhammed Said Abdulla watautambua mwendo huo. Bwana Msa, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ilipochapishwa mwaka 1960, naye hupima jambo dogo ambalo wengine wamelipita, huku walio karibu naye wakiwa wameshamnyooshea mtu kidole. Tofauti ni kwamba Bwana Msa tunamkuta akiwa bingwa tayari. Judy tunamwona akijifunza, na somo linamuumiza.

Kosa lake lina mantiki ndani yake, nalo ndilo jambo la kuvutia zaidi. Wanyama wote 14 waliopatikana wamerudia ukali wa porini, na wote ni wala-nyama. Huo ni ukweli, hakuna aliyeubuni. Waandishi wanapomuuliza kwa nini iwe wala-nyama tu, Judy anasema huenda ni maumbile yao, ni kitu kilichomo damuni. Amechukua ushahidi sahihi na kuutolea hukumu isiyotokana nao. Hakuuliza kama kuna aliyewachagua wanyama hao. Hakuuliza ni nani anayenufaika jiji likiwaogopa.

Nick anasikiliza akiwa pembeni, mkononi ana fomu ya kujiunga na polisi aliyopewa na Judy muda mfupi uliopita. Anamuuliza kama anamwogopa, kisha anajifanya kumrukia. Mkono wa Judy unakwenda kiunoni, kwenye dawa ya kupulizia mbweha aliyopewa na wazazi wake siku alipoondoka nyumbani. Dawa hiyo imekuwa ikionekana tangu mwanzo wa filamu. Sisi watazamaji tuliiona, tukaona ni kichekesho cha wazazi waoga, tukaendelea mbele. Kumbe nayo ilikuwa ushahidi, ila ulikuwa unamhusu mpelelezi.

Haikuwa hivyo katika mpango wa kwanza. Byron Howard, mmoja wa waongozaji, alitaka kwanza kutengeneza kitu cha kuienzi Robin Hood ya Disney ya mwaka 1973, ambamo shujaa ni mbweha, na kwa muda wazo lilikuwa filamu ya majasusi. Baadaye Nick akawa mhusika mkuu, katika jiji ambalo wala-nyama wanalazimishwa kuvaa kola zinazowapiga shoti ya umeme. Mnamo Novemba 2014, ikiwa imesalia kama mwaka mmoja na nusu tu, Howard na mwenzake Rich Moore waligeuza mambo na kumpa Judy uongozi wa hadithi. Uamuzi huo ndio uliotengeneza fumbo hili. Tungetazama kwa macho ya Nick, ubaguzi ungekuwa wazi tangu dakika ya kwanza na tungewachukia wabaguzi bila kujigusa. Kwa macho ya Judy tunamkubali, tunamshangilia, na tunakosea pamoja naye.

Watengenezaji walitumia miezi minane kuwachunguza wanyama, wakafika hadi Kenya kuwaona wakiwa porini. Kazi hiyo inaonekana katika manyoya, miondoko na ukubwa wa kila mhusika. Treni ina milango ya kimo mbalimbali, na mtaa wa panya ni mdogo kiasi kwamba sungura akipita anaonekana jitu. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni moja na kupata Tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2017. Lakini manyoya hayatatui kesi, kwa hiyo turudi shambani.

Judy ameacha kazi na kurudi kwao kuuza karoti. Ndipo anapomsikia jirani mmoja akiyaita yale maua “walia-usiku”, maneno yaleyale aliyoyatamka yule dereva kwa hofu. Yeye na Nick walidhani yanahusu mbwa mwitu, kwa kuwa nao hulia usiku. Wazazi wake wanakumbuka kwamba ndugu mmoja wa ukoo aliwahi kulila ua hilo zima utotoni, akapagawa na kumng'ata mwenzake. Ndugu huyo alikuwa sungura. Mfano mmoja tu wa mla-majani unatosha kuivunja nadharia nzima ya damu na maumbile, na vitunguu vya Bogo, tulivyovicheka, vinarudi na uzito mpya.

Ipo kasoro. Katika dunia hiyo wala-nyama waliwahi kweli kuwala wenzao hapo kale, kwa hiyo hofu ya sungura ina mizizi ambayo hofu ya jamii moja ya binadamu kwa nyingine haina. Mtoto akilinganisha moja kwa moja anaweza kupotoka, na mzazi afadhali alizungumze jambo hilo kuliko kulikwepa. Pia mkosaji anapofichuliwa anaeleza sababu zake kwa haraka, kwa hotuba, ilhali mengine yote tumeonyeshwa kwa vitendo.

Jina la mkosaji huyo halitatajwa hapa, kwa ajili ya watoto ambao hawajaiona filamu. Mwendelezo wake ulitoka Novemba 2025, Howard akiongoza pamoja na Jared Bush, na safari hii anayetiliwa shaka ni nyoka. Kabla ya kuufikia, ile ya kwanza itazamwe mara mbili. Mara ya pili mtoto apewe daftari na kalamu, aandike kila yanapotajwa maua, na kila mara Judy anaposaidiwa aandike ni nani aliyemsaidia na msaidizi huyo alipata nini baadaye.