Je, Wajua? Homa Ikiisha, Miguu Yaweza Kugoma

Mtoto wa mjini Mwingi au Wote amepona mafua, homa imeshuka, kisha asubuhi anakataa kukanyaga chini. Akibembelezwa anatembea kwa ncha za vidole; ukimgusa shavu la mguu, analia. Huko ni kuvimba kwa misuli kunakofuata virusi, hasa vya influenza aina B, na huwapata zaidi wavulana wa umri wa shule ya msingi. Daktari Lundberg wa Uswidi alieleza hali hii mwaka 1957. Kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki moja. Lakini mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au miguu ikilegea ghafla, mzazi, usingoje. Kenya huchunguza polio kwa kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea hivyo. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.