Mwendo Ndio Unaochonga Umbo

Ukisafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Mbeya, ukifika kwenye misitu ya Sao Hill karibu na Mafinga, fumba jicho moja utazame mipaini. Mashina ya kando ya barabara yanakimbilia nyuma kwa kasi, ya safu ya pili yanasogea taratibu, na yale ya ndani kabisa ni kama yanajivuta. Kwa jicho moja tu unaona wazi mti upi uko mbele ya upi. Basi likisimamishwa na trafiki, msitu uleule unafifia na kuwa bapa kama picha ya kalenda ukutani.

Picha inayoingia nyuma ya jicho haina kina hata kidogo. Kina hutengenezwa na ubongo, na njia mojawapo ni kulinganisha kasi: kilicho karibu hupita haraka, kilicho mbali hukawia.

Hata wewe ukitulia, kitu kikijigeuza chenyewe ubongo hupata kazi hiyohiyo. Mwaka 1953, Hans Wallach na D. N. O'Connell wa Marekani waliangaza waya uliokunjwa ili kivuli chake kianguke kwenye skrini. Waya ukiwa umetulia, watazamaji waliona mistari bapa. Ulipozungushwa, waliona umbo kamili lenye mbele na nyuma. Jaribu nyumbani kwa tochi na shuka jeupe.

Waongoza watalii wa Hifadhi ya Ruaha wanaijua nguvu hii ya mwendo vizuri. Simba akilala kwenye nyasi kavu, rangi yake na ya nyasi ni moja, na mgeni anaweza kukodoa macho asimwone. Akiinua kichwa tu, madoa yote yanayosogea pamoja yanaungana: sikio, shavu, bega. Ubongo huchukulia kwamba vinavyokwenda pamoja ni vya kitu kimoja.

Sehemu ya ubongo inayohusika zaidi na mwendo iko upande wa nyuma, na wataalamu huiita V5. Mwaka 1983, Josef Zihl na wenzake walieleza habari za mwanamke wa Ujerumani ambaye sehemu hiyo ya ubongo wake iliharibika pande zote mbili. Rangi aliziona, nyuso alizitambua, lakini mwendo ulimpotea. Kumimina chai kulimshinda, kwa sababu chai ilionekana imeganda, naye hakuona kikombe kikijaa. Kuvuka barabara kulimtisha: gari lililokuwa mbali lilitokea ghafla mbele yake.

Kwangu, jaribio kubwa kuliko yote ni la Gunnar Johansson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, lililochapishwa mwaka 1973. Aliweka alama chache zenye mwanga kwenye viungo vya mtu: mabega, viwiko, nyonga, magoti, vifundo. Kila kingine kilifichwa gizani. Mtu akisimama, ni vidoti visivyo na maana. Akipiga hatua, kila mtazamaji anasema mara moja: huyo ni binadamu anatembea.

Watafiti wa Australia na Marekani waliupeleka ujuzi huo barabarani usiku. Dereva alimtambua mtembea kwa miguu mapema zaidi pale utepe wa reflekta ulipokuwa kwenye viungo vinavyocheza kuliko ulipokuwa kifuani peke yake. Kifua hakielezi mengi, kwani kinaweza kuwa kibao au nguzo. Magoti na vifundo vinavyopishana ni vya mtu.

Wanaotembea alfajiri kwenye ukungu wa barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, mkoani Mbeya, wanafunzi na akina mama wa sokoni, wanauhitaji ujuzi huu kuliko watafiti wa maabara. Koti la reflekta ni zuri, lakini halitoshi. Mzazi, mshonee mwanao utepe wa reflekta kwenye vifundo vya miguu, magoti na vifundo vya mikono. Fundi yeyote wa Mwanjelwa jijini Mbeya au wa Mafinga anaiweza kazi hiyo.