Mwonyesha Njia wa Eropleni

Wanafunzi hutuuliza hesabu yafaa nini. Tumtazame basi John Smythe, mwenyeji wa Freetown, Sierra Leone, aliyekuwa mwonyesha njia katika eropleni ya Kiingereza ya kutupa mabomu. Wenziwe sita waliruka naye usiku, wakitegemea ramani, saa na hesabu zake wapate kufika na kurudi. Kazi ile ilikuwa ya hatari mno: katika watu kama 125,000, zaidi ya 55,000 walikufa. Novemba 1943 eropleni yake iliangushwa Ujerumani. Akaruka kwa mwavuli hali amejeruhiwa, akakamatwa. Alikaa mateka karibu na mji wa Barth, ndani ya seng'enge, hata Warusi walipowafungulia mwaka 1945. Baadaye alisoma sheria, akawa Mwanasheria Mkuu wa nchi yake.