Mstaafu, kagua kadi yako ya bima kabla ya kukabidhi ofisi

Na Mwandishi Wetu, Hanang

MWALIMU wa shule ya msingi anayefikisha umri wa miaka 60 katika kata ya Dirma, wilayani Hanang, huwa na mengi ya kufuatilia: barua ya kustaafu, kumbukumbu za michango na mafao yake kutoka Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF). Jambo linalosahaulika kwa urahisi ni kadi ya matibabu, ambayo haibaki kama ilivyokuwa alipokuwa kazini.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa umma na mwajiri wake huchangia kwa pamoja asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa nusu. Kwa mchango huo hutibiwa mtumishi, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne.

Nani hubaki?

Mwanachama anayestaafu akiwa ametimiza masharti ya uchangiaji huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake bila kukatwa tena. Hiyo ni nafuu kubwa kwa wazee wanaohitaji dawa za shinikizo la damu au kisukari kila mwezi. Hata hivyo, watoto na wazazi waliokuwa wakitibiwa kwa mshahara wake hawamo tena. Kaya ya watu sita inaweza kujikuta na wawili tu wenye bima.

Hapo ndipo panapohitajika bima ya pili. Kwa miaka mingi kimbilio la kaya za vijijini lilikuwa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), uliofanyiwa majaribio Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita mikoani ilitozwa Sh30,000 kwa mwaka. Sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima. Kwa hiyo mstaafu aulize ni skimu ipi itakayowapokea wategemezi wake, na kwa kiwango gani.

Vifurushi vya hiari vya NHIF vilivyozinduliwa mwaka 2019 vilipangwa kwa umri, na wenye miaka 60 na zaidi walitozwa kuliko vijana. Nazo kampuni binafsi nyingi huweka ukomo wa umri wa kujiunga, au kipindi cha kungoja kwa ugonjwa ambao mteja tayari anao. Hata Marekani, mzee hupewa miezi sita ya kununua bima ya nyongeza bila kuulizwa hali ya afya yake. Baada ya hapo, katika majimbo mengi, anaweza kukataliwa.

Mambo ya kuuliza

Kwanza, hakiki michango yako na usahihi wa majina, hasa la mwenza, ungali na ofisa utumishi wa kukusaidia. Pili, ulizia tarehe ambayo kadi ya zamani itakoma na ile ambayo mpya itaanza, ili pasiwe na pengo katikati. Tatu, uliza kama hospitali unayoitegemea, iwe ya Katesh au ya Haydom wilayani Mbulu, ina mkataba na bima unayotaka, na kama ni lazima uanzie zahanati ili upewe rufaa.

Nne, usiiache bima ya sasa kabla ya kuthibitishiwa mpya. Anayeacha kwanza na kutafuta baadaye huweza kuugua akiwa katikati, na gharama yote ikamwangukia.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mstaafu, ufa huo huzibwa kwa maswali machache miezi kadhaa kabla ya siku ya mwisho kazini. Ukuta hujengwa kwa kuuza ng'ombe ili kumlipia mjukuu kitanda cha hospitali.